Alama ya Kidole cha Lonnie

Hapana, Vernon, ule ulioko kwenye kadi ya Lonnie si uchafu! Hata kama hao wapima kadi, wanaozikagua ubora na kuzipa alama ili ziuzwe ghali, watatupa alama za juu ukiufuta, si uchafu. Ni jamu ya zabibu kutoka kwenye kidole gumba cha mwanetu. Tangu tumzike, hapo tu ndipo kidole chake kilipobaki.

Nyama iko kwenye friji. Ipashe moto, usiile baridi kama kapera. Marlene ana mazoezi baada ya shule, umfuate saa kumi.

Asubuhi nilikupigia kelele kwa sababu nilikukuta umeshika kitambaa kibichi. “Ni kadi ya besiboli tu, mke wangu.” Tu!

~~Nimeificha. Usihangaike kuitafuta.~~

Nimefikiri upya. Nilikuwa sitaki hao wapimaji hata waiguse. Lakini wakishaipima wataifungia ndani ya plastiki ngumu, na hapo hakuna atakayeifuta tena, si wewe na kitambaa chako, wala mimi na machozi yangu. Waipe alama ya chini kabisa wakitaka. Nimewaandikia wasiisafishe. Bahasha nimeshaifunga, naipeleka posta sasa hivi.

Mama Lonnie