Chenga Kwenye Trei ya Kuku

Jumatano, Troyeville

Kumbe mashudu ya alizeti hayana kosa! Kosa ni mikono yangu, na bado nacheka peke yangu.

Maabara tunachoma chakula cha kuku na kupima joto lake, kisha tunachoma mavi yao. Tofauti ndiyo nguvu aliyoipata kuku. Mashudu, chakula tunachokijaribu, yalikuwa yanatoka hafifu kila mara. Dokta Nomsa, bosi wangu, alishataka kuliacha jaribio, na mkataba wangu ungeishia hapo.

Leo nakwangua trei za chini ya kuku, nikaona chenga za mashudu ndani ya mavi makavu. Kuku wanamwaga chakula, mimi nazoa vyote pamoja, mavi yanaonekana yamebaki na nguvu nyingi. Eish! Ningenyamaza, nani angejua?

Nikamwambia Dokta. Nikajua kazi imeota mbawa. Halafu akavuta kiti, tukachambua chenga moja moja, tukachoma upya. Namba ya nguvu aliyoipata kuku ikapanda!

“Tunaanza jaribio upya,” akasema, “na trei zote ni zako.”

Nikampigia mama simu huko Tanga, kumwambia kwamba mkataba umeongezwa.

“Wa kazi gani, mwanangu?”

“Ileile ya mavi ya kuku, mama. Ila safari hii, mavi matupu.”