Mfuniko Uliozikwa Nyuma ya Ghorofa

Alhamisi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, ule wa Nakuru wa kukufanya utafune mchanga kabla hujala chochote. Roho yangu iko sawa. Iko sawa kwa namna ambayo singependa pasta wangu ajue.

Vyoo vya lile ghorofa vimeziba. Orofa tisa, vioo vya bluu kutoka juu hadi chini, na tangu Jumatatu maji machafu yanapanda badala ya kushuka. Harufu inafika mpaka kwa watu wa bodaboda ng'ambo ya barabara. Niliposikia habari hizo niliweka sindano chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilishona nguo nyuma ya ghorofa hilo miaka kumi na minne. Si ndani, nyuma, kwenye kichochoro. Ukipita barabara kuu huwezi kujua kama kipo. Upana wake ni mikokoteni minne tu, ukuta wa ghorofa huku, ukuta wa godauni la nafaka kule. Tulikuwa saba: mimi na cherehani yangu, Mzee Athumani wa Bondeni aliyetengeneza saa, mama wa chapati, mshona viatu, na wengine watatu. Ghorofa lilitupa kivuli kuanzia saa saba mchana. Watu wake walishuka kwa mlango wa nyuma na suruali za kupunguzwa, zipu zilizokufa na sare za watoto. Walitulisha, siwezi kukataa.

Lakini sisi pia tulilitunza, na huko juu hakuna aliyelijua hilo. Bomba kubwa la maji taka la orofa zote tisa linapita chini ya kichochoro, na mfuniko wa kulifungulia ulikuwa chini ya meza yangu. Hoteli ya chini ilikuwa inamwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Mafuta yanaganda, bomba linaanza kukoroma. Mwenye sikio alikuwa mama wa chapati. Akisikia mkoromo ule anagonga sufuria kwa mwiko mara tatu, nasi wote tunajua. Nahamisha meza, mshona viatu anainua mfuniko kwa chuma, tunamwaga ndoo za maji moto na sabuni ya unga, tunasukuma kwa mwanzi mrefu mpaka maji yaanze kwenda. Kisha narudisha meza naendelea na pindo langu. Miaka yote hiyo watu walivuta maji ya choo huko juu wakidhani yanaenda yenyewe.

Miezi mitatu iliyopita akaja meneja mpya. Kijana wa viatu vilivyochongoka, ofisi yake orofa ya nane. Alitaka kichochoro kiwe maegesho ya magari ya wapangaji. Hakutupa hata wiki moja. Tulifika asubuhi tukakuta lori la mchanga, vijana wa mjengo, na meza yangu imetupwa juu ya takataka, miguu juu. Gauni la harusi la mteja wangu lilikuwa chini, limekanyagwa na buti.

Hata hivyo nilijaribu kuwaambia. Naapa nilijaribu. Niliona wameanza kupanga kabro, yale matofali ya kutandika chini, na kwamba wakifika pale watauzika mfuniko. Nikamwendea meneja nikamwambia, "Boss, hapo chini kuna kitu mnafaa muone kwanza." Alikuwa na simu mkononi, hata hakuinua kichwa.

"Mathe, beba vitu zako. Hapa si soko."

Nikabeba vitu vyangu. Na mdomo wangu nikaubeba pia.

Tangu siku hiyo nashonea kwenye baraza ya nyumba ninayopanga, huku mtaa wa Free Area. Wateja ni wa kuokota. Mzee Athumani amekaa nyumbani, hatengenezi saa tena. Anasema hana umri wa kuanza kutafuta ukuta mwingine wa kuegemea. Hilo liliniuma kuliko meza. Kwa hivyo nakiri hapa: kila nilipokwenda mjini nilipitia kwenye geti walilotia kichochoroni nikanusa. Kila wiki. Nilijua mafuta ya ile hoteli hayana likizo, nikangoja kama mtu anayengoja mahindi yakauke shambani.

Leo saa nne Kiprono, mlinzi wa ghorofa, akafika barazani kwangu anatoka jasho. Ni kijana mwenye adabu, aliajiriwa baada ya sisi kufukuzwa, sina ubaya naye.

"Chamgei, mama," alinisalimu kwa Kikalenjin. "Tumechimba mahali mbili na hakuna kitu. Ramani inasema mfuniko uko upande wa mbele, na huko mbele hakuna. Salma wa first floor amesema tukuulize wewe, ati ulikaa hapo miaka mingi."

Nikavaa gauni langu la kanisani. Sikuwa naenda kusaidia. Nilikuwa naenda kuona.

Na nikaona. Geti lililotufungia nje lilifunguliwa kwa ajili yangu. Kabro zilikuwa zimeng'olewa mahali pawili, udongo umelundikwa juu ya maegesho yao mazuri. Lori la kunyonya maji taka lilikuwa limesimama, mpira wake umekunjwa, halina pa kuuingiza. Hoteli imefungwa. Meneja alikuwa amejiziba pua kwa leso, na nilipomsogelea niligundua jambo moja: hakunikumbuka. Alinifukuza miezi mitatu tu iliyopita na sura yangu haikubaki kichwani mwake hata kidogo.

"Karibu, mathe. Tusaidie, tafadhali. Meza yako ilikuwa wapi?"

Nilitembea polepole, nikageuka huku na huku kama mtu anayekumbuka. Nikasimama juu kabisa ya mfuniko, nikazisikia kabro chini ya viatu vyangu. Kisha nikanyoosha kidole kuelekea getini, hatua kama ishirini kutoka pale.

"Nafikiri ni pale."

Wakachimba pale, muda wa saa mbili nzima. Mimi nililetewa kiti na soda. Nikakiweka kiti hapo hapo juu ya mfuniko, nikanywa taratibu, nikiwatazama wakitoa jasho. Meneja alikosea hatua akazamisha kiatu chake kilichochongoka kwenye tope jeusi mpaka kwenye kifundo, akatukana kwa Kiingereza. Nilitamani Mzee Athumani angekuwepo. Sijafurahi hivyo tangu siku binti yangu Chebet alipomaliza chuo.

Ndipo Salma akashuka. Salma ni mwalimu wa chekechea, nimemshonea nguo tangu kabla hajaolewa na hata baada ya kuachika. Anaishi orofa ya kwanza na mama yake, mwanamke mtu mzima aliyevunjika nyonga na hawezi kushuka ngazi. Alikuwa amebeba ndoo, buibui amelikunja mpaka magotini. Alimwaga ile ndoo kwenye mtaro, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaja kuchuchumaa mbele ya kiti changu.

"Mama Chebet, nachota tangu Jumatatu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yakifika chumbani kwa mama sijui nitampeleka wapi. Kweli hukumbuki?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Meneja alikuwa mbali, hakuna aliyekuwa anasikiliza. Nikamtazama Salma machoni.

"Kweli, Salma. Imenitoka."

Alichukua ndoo yake akarudi ngazini, nami nikamaliza soda.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni, na tangu nirudi sijapiga mshono hata mmoja ulionyooka. Nawaza lile bomba. Likiziba, uchafu haupandi mpaka orofa ya nane. Unatokea kwenye tundu la kwanza unalolipata, ambalo ni hoteli, na hoteli ikijaa unatokea kwenye bafu la Salma. Choo cha meneja kinafanya kazi vizuri kabisa. Kila akivuta maji huko juu, Salma anachota huku chini. Mwenye ghorofa mwenyewe anaishi Milimani na pengine anasikia habari hizi kwenye simu huku anakunywa chai. Miezi mitatu nimengoja kisasi changu kipande ngazi, nacho hakikupita orofa ya kwanza.

Na mimi ndiye niliyeukalia mfuniko kwa makalio yangu.

Je, nimemsamehe meneja? Hata kidogo. Sitajidanganya kwenye shajara yangu mwenyewe. Kama kungekuwa na njia ya kuziba choo chake peke yake, ningeziba mpaka Krismasi na ningeenda kanisani nikaimba. Bado nataka ajue kwamba alikuwa anaishi juu ya migongo ya watu saba, na kwamba aliambiwa mapema akakataa kusikia. Hasira hiyo ni yangu na nitakaa nayo. Lakini nilijikausha mbele ya mtu aliyechuchumaa na ndoo, na hiyo haikuwa hasira tena. Ulikuwa ubaya tu.

Nimeacha kuandika kidogo hapo juu nikamtumia Salma ujumbe. Nimemwambia ni hatua sita kutoka mlango wa nyuma wa hoteli, ukielekea godauni, pale pale nilipoweka kiti. Nimemwambia wachimbe leo, wasingoje asubuhi. Meneja akiuliza ni nani amesema, ampe jina langu lote, mpaka la baba yangu wa Kuresoi. Mwishoni nikaandika kwamba nilidanganya na kwamba nisamehewe nikistahili.

Jibu lake limeingia sasa hivi.

"Nilijua. Uso wako hauwezi kuficha kitu. Sikutaka tu kukuaibisha mbele yao."

Nimelisoma mara nne. Alikuwa na maji ya choo miguuni na mama yake kitandani, akaona wazi kwamba namdanganya, na bado akanilindia heshima yangu mbele ya mtu ninayemchukia. Afadhali angenitukana. Kesho asubuhi, kabla hajaenda shuleni, nitakuwa mlangoni kwake na ndoo, ufagio na dawa ya kusafishia, nimpigie deki mpaka chini ya kitanda cha mama yake. Kazi hiyo naiweza.

Lakini akifungua mlango, nitaanza kwa kusema nini?