Swali la Watoto Wangapi

Bendigo, Australia

Mama mpendwa,

Baridi imeanza huku, na maboga yangu yamezaa mpaka nawagawia majirani. Mtihani wa Kiingereza nimefaulu, ila nusura nifeli.

Tunaufanyia kwenye kompyuta: sauti inauliza, unajibu, inakupa alama. Iliponiuliza nina watoto wangapi, nilinyamaza mpaka muda ukaisha. Ikanipa sifuri.

Kesho yake mwalimu wetu, Heather, akanipigia simu ya video. "Paw Wah, nimesikiliza rekodi yako. Swali jepesi vile! Ulisinzia?"

"Sikujua nihesabu wangapi, Mwalimu. Wawili ninao hapa. Mmoja alichukuliwa na mto tulipokuwa tunakimbia vita."

Hilo hata mimi na wewe hatujawahi kulizungumza, Mama. Heather alifuta macho, kisha akasema, "Basi nitakuuliza mimi mwenyewe. Hesabu unavyotaka wewe."

Nikajibu kwa Kiingereza, bila kukwama, kwamba nina watoto watatu, na wa kwanza anaitwa Eh Htoo. Akanipa alama zote.

Namshukuru sana mwalimu huyu. Kwa miaka tisa sikuwa nimelitamka jina lile kwa sauti.

Wasalimie wote hapo kambini.

Mwanao,
Naw Paw Wah