Ndege Haikuwa Mbovu

Hodge Hill, Birmingham

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu na wajina wako Nekesa, aliyeng'oka meno ya mbele na sasa anacheka huku amefunika mdomo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ipake wewe, usiwagawie majirani kama ile ya kwanza. Sisi kiafya tuko salama. Moyoni hatuko salama, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Wewe simu unaifungulia sauti mpaka jirani wa ng'ambo ya ua anachangia. Hii isome peke yako, mlango umefungwa.

Mama, usimchinje yule fahali. Ile ibada ya shukrani uliyomwandalia mume wangu Wafula, naomba uiahirishe.

Najua umeshaalika kwaya. Hata mimi nilishukuru. Unakumbuka alivyotuambia: amepata kazi ya safari moja tu, kusindikiza kama fundi ndege kuukuu ya abiria, ipelekwe karakana huko Asia, kisha arudi Nairobi kungojea viza ya kuja kwetu. Tuliposikia ndege imepata hitilafu angani na kutua ghafla katika nchi isiyokuwa kwenye safari yake, kanisa letu zima la Small Heath lilifunga na kuomba. Alipopiga kusema yu mzima, nilisimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda, machozi yananitoka. Mama Furaha, yule dada yetu Mkongo, alinikumbatia akipaza sauti: "Mungu alishika ile avion na mkono yake!" Niliitikia amina kuliko wote.

Jumapili iliyopita tumetoka ibadani, tuko kituo cha basi Coventry Road, Wafula akapiga.

"Rael, nataka unisamehe. Hiyo ndege haikuwa na shida yoyote."

Nilidhani sijasikia vizuri kwa kelele za magari.

"Ilikuwa imepangwa," akasema. "Walitaka tu sababu ya kutua huku. Mimi ndiye niliwachagulia hitilafu ya kutangaza."

Basi letu lilikuja, likaondoka, nikabaki nimesimama.

Nikueleze alivyonieleza. Nchi ile imewekewa vikwazo, na wanaounda ndege hizi za Wazungu hawaruhusiwi kuiuzia hata nati. Lakini watu wake wanasafiri, na ndege zao zimezeeka. Kwa hiyo anatafutwa mtu katika nchi nyingine, anafungua kampuni isiyo na kitu zaidi ya jina na mlango. Kampuni inanunua ndege iliyostaafishwa Ulaya, inaipaka nyeupe tupu, inaiandikisha katika nchi ya tatu, kisha inasema inaipeleka matengenezo nchi iliyo jirani na ile. Ikifika juu ya nchi ya wale wanaoitaka, rubani anatangaza hitilafu na kuomba kutua. Nani atamkatalia mtu anayesema ndege yake ni mbovu? Ikishatua haitoki tena. Wanaipaka rangi zao.

Na mimi nilikuwa nimeifungia siku tatu bila chakula, huku nawaogesha wazee wa watu kazini. Nimemkasirikia mwanao, Mama, siwezi kukuficha. Angenidanganya mimi tu, ningevumilia. Amenifanya nimdanganye Mungu mbele ya watu.

Lakini yeye pia amedanganywa. Walimwahidi kwamba baada ya wiki moja atapandishwa ndege nyingine arudi nyumbani. Sasa ile kampuni simu haishikwi, na wenye ndege wamekaa na pasipoti yake. Wanataka awafundishe mafundi wao zile injini, maana hawana mwingine anayezijua. Chakula anapata, kitanda anacho, mlangoni kuna askari. Na hata wakimwachilia, viza ya huku imekataliwa, kwa kuwa jina lake limeshajulikana pamoja na ndege hiyo. Nilimuuliza atarudi lini. Akaniambia, "Inaruka vizuri, Rael. Kila asubuhi inabeba abiria." Nikasikia sauti yake imejaa fahari, halafu ikakatika, akalia. Sijawahi kumsikia akilia tangu nimjue.

Kanisani bado sijasema. Mama Furaha pekee ndiye anayejua. Ameniletea sombe, kisamvu cha kwao, akakaa nami jikoni. Jumapili nitasimama pale pale niliposimama.

Msalimie shemeji anayelima shamba la Wafula, asiliache. Shangazi wa kwaya mwambie nyimbo zile azitunze. Fahali mrudisheni malishoni.

Limebaki moja. Tangu tuliposikia ile hitilafu, Nekesa huomba kila akienda kulala, kwa Kiingereza chake, Mungu aiponye ndege ya baba. Hapa kwetu ndege hupita chini zikienda kutua, naye huzipungia mkono. Juzi nilimwambia aache kuiombea, imeshapona, inaruka kila siku.

"Kama imepona," akauliza, "kwa nini baba hapandi?"

Wewe ndiye mwenye jina lake, Mama. Niandikie nimwambie nini.

Mkaza mwanao, bado,
Rael