Mtani Aliyevaa Kanzu ya Baba

Mke mwenzangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Temeke tu wazima. Babu yako, mume wetu, anakohoa kidogo lakini ubishi haujapungua.

Unauliza umjibuje huyo binti wa Kinyamwezi unayekaa naye chumba kimoja huko Tabora, anayekuita mvivu wa Pwani.

Baba yangu alipofariki, mama alikuwa hali wala halii. Watu walimpa pole kwa maneno mazuri, hayakumfika. Ndipo akaingia Mzee Kasanda, Mnyamwezi aliyefanya kazi bandarini na baba. Akavaa kanzu ya marehemu, akatembea kwa madaha kama yeye, akapaza sauti: "Mzaramo mvivu we! Umeona msimu wa kulima umefika, ukaamua kufa!"

Babu yako, kijana wa Bukoba aliyekuwa ndiyo kwanza amenioa, akainuka apigane. Shangazi akamvuta shati: "Kaa chini, baba. Huyo mtani wetu."

Mama akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kisha akaomba uji.

Wakati wa kuaga, Mzee Kasanda aliinama mbele yake, akasema taratibu: "Pole, dada yangu. Mungu akupe subira." Mdomo ule ule. Namshukuru mpaka leo.

Basi mie nasema mrudishie utani wake, tena bila huruma. Ila siku ukiumwa, sikiliza atakavyokusemesha. Uji atakuwa ameupika yeye.

Mke mwenzio,
Bibi Mwanaidi