Kovu Nililoliita Kidole Tumbo

Mpendwa jirani yangu, Mama Nafula,

Nakuandikia nikiwa wodini. Kesho asubuhi wananipasua nijifungue, na sina hata mtu wa kumwambia kwamba naogopa.

Unakumbuka nilivyokuapisha pale mtaani Huruma? Binti yangu Wanjiru alikuwa amezaliwa kwa kupasuliwa, na kwa mama mkwe wangu, mwanamke wa kupasuliwa ni mvivu wa kusukuma. Nikakuambia, "Akiliona kovu, ni la kidole tumbo." Ukacheka. "Kidole tumbo gani hicho kirefu kama rula?" Lakini siri uliitunza, na nepi ukanifulia wiki mbili.

Kisha ikaja mimba ya pili, changa kabisa, damu ikaanza kunitoka. Hospitalini daktari aliliona kovu, akauliza. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo hapo. Nikasema kidole tumbo. Basi daktari akasema mimba imeharibika, nisafishwe kizazi. Ni wewe, uliyekuwa umetusindikiza, uliyemshika daktari mkono. "Daktari, huyu alipasuliwa mtoto. Nilikuwepo."

Akanipima upya, akaamua kunifungua tumbo. Mimba ilikuwa imejishikiza ndani ya kovu la kizazi. Akaitoa, akanishona. Baadaye aliniambia wazi kwamba wangenikwangua, ningevuja damu hadi nife.

Nami nilikushukuru vipi? Nilikununia. Mama mkwe aliniita mwongo mbele ya ukoo mzima, na hasira yote nikakumwagia wewe, kwa kuwa nilijua utaivumilia. Uji ulioniletea niliurudisha na kikombe chake. Mwaka mzima tukapishana kwenye ngazi bila salamu. Nilikuwa mjinga, Mama Nafula.

Leo nesi ameniuliza kama nimewahi kufanyiwa operesheni. Mama mkwe alikuwa kando yangu. Nikasema, "Nilipasuliwa mtoto. Halafu mimba ikaota kwenye kovu, nikapasuliwa tena." Nikageuka nikuone unavyocheka, nikaona ukuta.

Barua hii sijui niitume wapi. Mumeo alipoachishwa kazi kiwandani kule mtaa wa Baba Dogo, mkafungasha kurudi kwenu, ulikuja kunibishia hodi. "Mama Wanjiru, najua uko ndani. Nimekuja kukuachia anwani." Nilikuwa nimekaa kitandani, viatu nimevivua nisisikike. Ulisubiri sana.

Ni mimi, jirani yako wa mlango wa pili, ambaye hakufungua.