Jina la Lornah

Nabututu, uko? Nimetoka kwa Gordon huko Asembo saa hii. Niko kando ya barabara nalia kama mtoto.

Unakumbuka 1994, kile kikundi chetu cha Jumamosi pale Kibuye, tukibishana kama mtu akikufa bado anajua kitu? Gordon alitushinda wote. "Mtu akikufa amekwisha. Taa imezima."

Na mimi siku ile nikasema mama yangu alinijia kwa ndoto, akaomba mtoto wangu aitwe jina lake. Gordon akacheka.

Nabututu, sikuota. Nilitaka tu nimshinde mara moja.

Sasa leo. Unajua mke wake, Lornah, tulimzika mwezi jana. Nimemkuta Gordon amebeba mjukuu mchanga, mtoto analia, na yeye anamtajia majina ya wafu wao moja moja, aone atanyamazia lipi, ajue ni nani anataka mtoto aitwe jina lake. Gordon! Yule Gordon!

Akifika kwa "Lornah" anasimama, anangoja. Mtoto analia tu. Anarudia. "Lornah?"

Akaniangalia. "Dorca, ile ndoto yako. Mama yako alikuja kweli? Usinifiche."

Wewe ungesema nini? Nikamwambia, "Alikuja, Gordon. Alikuja kabisa."

Yawa, nilidhani namfariji.

Akamweka mtoto begani, akaniuliza polepole, "Sasa mbona Lornah hanijii mimi? Kila siku nalala nikimngoja. Nilimkosea wapi?"